Bei ya korosho inapikwa wapi?

Mnada wa kwanza wa msimu unapofunguliwa Tandahimba au Newala, mkoani Mtwara, kwa kawaida mwezi Oktoba, uwanja hujaa mapema. Wapo wakulima, viongozi wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika), maofisa wa Bodi ya Korosho, mawakala wa wanunuzi, na vijana wa bodaboda ambao hawana hata mkorosho mmoja lakini wanajua fika kwamba bei ikitoka nzuri leo, wiki ijayo abiria hawatabishana nauli. Miaka ya nyuma zabuni zilikuwa za bahasha, zikifunguliwa mbele ya watu na bei kusomwa kwa sauti. Tangu msimu wa 2024/25 zinaingia kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX, na watu wanatazama namba kwenye skrini. Mkulima anaulizwa: mnauza au hamuuzi? Nguvu yake yote imo humo, kukubali au kukataa. Bei yenyewe imeshapikwa mbali: kwenye viwanda vya Vietnam na vya Kollam kule India, kwenye oda za maduka makubwa ya Marekani na Ulaya, kwenye nauli ya meli na thamani ya dola ya asubuhi hiyo.

Naanza na korosho kwa makusudi. Mjadala wa utandawazi nchini umezoeleka kuendeshwa kama mdahalo wa shule: upande huu simu, intaneti, elimu na wawekezaji, upande ule mavazi, maadili na vijana kuiga, mwisho mwalimu anapongeza pande zote mbili na kengele inagongwa. Kwa mtu wa Kusini mdahalo huo haumfikishi popote. Mtwara na Lindi zimeungana na dunia kabla sehemu kubwa ya nchi hii haijapata barabara, na faida na hasara zimepita kwenye bandari zilezile, mara nyingine kwenye meli ileile. Kinachobadilika kati ya zama na zama ni mahali tunaposimama kwenye msururu wa biashara. Aliyesimama langoni anatoza ushuru. Aliyesimama mkiani anapokea bei.

Kilwa ilisimama langoni. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wake ikielekea Arabuni na India, sultani akatoza ushuru, akagonga sarafu zake mwenyewe za shaba, na vyombo vya udongo vya China vikaliwa chakula Kilwa Kisiwani huku bara wakiwa hawajaviona. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kuuhesabu mji huo miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Wareno walipoupora mwaka 1505 hawakuja kuufungulia soko. Soko lilikuwa wazi karne nyingi. Walikuja kuuondoa langoni na kukaa wenyewe. Baadaye pwani ileile, safari hii Kilwa Kivinje, ikawa moja ya masoko makubwa ya watumwa Afrika Mashariki. Bahari haikubadilika, upepo wa kaskazi na kusi haukubadilika. Bidhaa ndiyo iliyobadilika, ikawa watu wetu.

Hata mkorosho, ambao leo mtu wa Newala anaweza kukuapia kwamba ni mti wa babu zake, ni mgeni. Wareno waliuleta kutoka Brazil katika karne ya 16. Kwa hiyo anayesema tujitenge na ya kigeni turudi kwenye ya asili, aanze kwa kutueleza ada za shule Desemba zitalipwa na mti gani.

Kuna vipande viwili vya historia ambavyo havichoshi kuvitaja. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu kutoka Lindi, na zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na wapagazi hadi bandarini. Mmoja kati ya mijusi hiyo amesimama kwenye jumba la makumbusho la Berlin, urefu wake kwenda juu ukizidi mita 13. Kila baada ya miaka kadhaa mtu husimama bungeni kudai arudishwe, au angalau tugawiwe viingilio. Kisha inakuja ajenda nyingine. Cha pili ni mpango wa karanga. Mwaka 1947 Waingereza waliamua kulima karanga kwa eneo kubwa mno, Nachingwea ikiwamo, ili wapate mafuta ya kula kwao baada ya vita. Walitumia mamilioni ya pauni, matrekta yakashindwa na udongo na mvua, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Reli waliyoijenga iling'olewa baadaye. Bandari ya Mtwara ikabaki, kina chake kizuri, ikingoja mzigo. Ndivyo ilivyo historia ya uwekezaji mkubwa huku: sababu ya kuletwa inakufa, na sisi tunaishi na kilichosahaulika kubebwa.

Sasa turudi kwenye korosho, kwa kuwa huko ndiko hoja zote mbili, ya kufungua na ya kufunga, zimeshajaribiwa kwa vitendo.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi. Kufikia 1986/87 mavuno yalishuka chini ya tani 17,000. Hapo katikati hapakuwa na utandawazi wa kulaumiwa. Kulikuwa na bei ndogo iliyopangwa na chombo cha Serikali, operesheni ya vijiji iliyowahamisha watu mbali na mikorosho yao, na ugonjwa wa ubwiriunga uliokausha maua kabla hayajafunga. Wakati huohuo, kwa mikopo ya nje, vilijengwa viwanda 12 vya kubangua, yaani kuitoa korosho kwenye ganda lake, vyenye uwezo wa zaidi ya tani laki moja kwa mwaka. Vilipokamilika, korosho za kuvilisha hazikuwapo. Mkopo ulibaki.

Kilichoinua zao ni mchanganyiko ambao mpinzani wa utandawazi hapendi kuusikia. Dawa ya salfa kutoka nje ndiyo iliyodhibiti ubwiriunga. Utafiti wa kituo cha Naliendele, uliofanywa na Watanzania wakishirikiana na wageni, ndio uliotupa miche bora na ratiba ya kupuliza. Na soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanunuzi binafsi wakaingia na watu wakawa na sababu ya kurudi kupalilia mashamba waliyoyaacha. Msimu wa 2017/18 tulivuka tani 300,000. Msimu wa 2024/25 tulivuka tani 500,000, na minada ya mwanzo ilitoa bei inayozidi shilingi 4,000 kwa kilo. Nenda Tandahimba uone nyumba za bati na pikipiki zilizopatikana kwa fedha hizo. Hakuna mpango wa maendeleo wa ndani uliowahi kuingiza fedha nyingi kiasi hicho mikononi mwa wakulima wadogo wa Kusini kwa miezi mitatu.

Lakini kufungua kulikuja na upande wa pili. Korosho zikaanza kuondoka ghafi, kwenye magunia, karibu zote. Viwanda vingi kati ya vile 12 vikabinafsishwa, na baadhi vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli. Sijui kejeli iliyo kubwa kuliko hiyo katika uchumi wa mkoa wetu: kiwanda cha kubangulia kikilinda korosho zinazokwenda kubanguliwa na watu wengine. Ng'ambo ya Ruvuma hali ilikuwa mbaya zaidi. Msumbiji ilishinikizwa na Benki ya Dunia katika miaka ya 1990 kupunguza kodi ya kusafirisha korosho ghafi, kwa ahadi kwamba mkulima angepata bei nzuri. Mkulima alipata kidogo, viwanda vikafungwa, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakapoteza kazi.

Ukitaka kuona kinachopotea, kaa na akina mama wabanguaji pale Mtwara, wale wa vikundi vidogo wanaotumia mashine ya mkono. Korosho inachemshwa kwa mvuke kwanza, inapoa, kisha inawekwa moja moja kwenye meno ya mashine: mkono mmoja unavuta mpini, mwingine unapanga. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi na kuacha weusi usiotoka kwa sabuni, kwa hiyo kila baada ya muda wanajipaka mafuta ya kula au majivu. Baada ya hapo kuna kukausha, kumenya ganda la ndani kwa kisu kidogo, na kupanga madaraja. Daraja linaloitwa W320, ambalo soko la dunia linalizungumzia zaidi, maana yake ni kwamba ratili moja ina karanga nzima, yaani viini vya korosho iliyobanguliwa, 320 hivi. Ikivunjika tu wakati wa kumenya, korosho ileile iliyolimwa kwa jasho lilelile inashuka daraja na bei. Kwa hiyo bei ya mwisho inakaa kwenye vidole vya mbanguaji, na vidole hivyo kwa sehemu kubwa viko Vietnam na India, tena siku hizi vingi ni vya mashine.

Hesabu yake ni rahisi. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kilo moja ya korosho karanga. Zinazobaki ni ganda, ngozi na unyevu. Tunaposafirisha tani nne ghafi, karibu tani tatu ni maganda yanayovushwa bahari nzima ya Hindi. Mnunuzi halipi nauli hiyo kutoka mfukoni mwake. Anaitoa kwenye bei anayoandika kwenye zabuni. Akifika kwao anakamua maganda hayo apate mafuta yanayotumika kwenye rangi na breki za magari, na mabaki anayachoma kuendeshea kiwanda. Mkulima wa Kitangari amelipia usafiri wa kuni za mwenzake.

Wakati huohuo ni lazima tukubali kwamba soko hilohilo limetupa turufu ambayo hatuichezi vizuri. Afrika Magharibi, ikiongozwa na Ivory Coast ambayo ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, huvuna kuanzia Februari. Sisi tunavuna Oktoba hadi Desemba, wakati viwanda vya Asia vimemaliza shehena ya mwaka. Kwa miezi hiyo korosho mpya tunayo sisi na nchi chache za kusini mwa ikweta. Na korosho zetu zina sifa. Ubora hupimwa kwa kukata sampuli na kupima ni ratili ngapi za karanga zitatoka kwenye gunia la kilo 80. Korosho ya Kusini iliyokaushwa vizuri hufikisha ratili 48 na kupita, kiwango kinachoheshimika popote. Mkulima anayeanika korosho kwenye mkeka siku tatu badala ya kuzisukuma ghalani zikiwa na maji anaongeza bei ya ghala zima. Lakini malipo yanatolewa kwa wastani wa ghala, kwa hiyo mvivu na mwenye bidii wanapata sawa. Hilo halikuletwa na mzungu wala Mhindi. Tunaweza kulirekebisha wenyewe kwenye chama cha msingi.

Mwaka 2018 tulijaribu njia nyingine. Mwishoni mwa Oktoba minada ilifunguliwa kwa bei ya chini ya shilingi 3,000, baada ya msimu uliotangulia kuvuka 4,000, na wakulima wakagoma kuuza. Walikuwa na haki ya kugoma. Novemba, Rais John Magufuli akaamuru Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na Jeshi likakabidhiwa kazi ya kukusanya. Kwa wiki chache ilikuwa kama sikukuu: malori ya kijani yakipita Masasi na watu wakishangilia kwamba mabeberu wamekomeshwa. Kisha ukaja uhakiki. Mwenye kilo nyingi akatakiwa kuonyesha shamba, kangomba, yaani walanguzi wa korosho wa mitaani, wakaanza kusakwa, na miongoni mwa walioitwa kangomba walikuwamo watu waliokuwa wamemkopesha jirani fedha za salfa wakalipwa kwa korosho kama ilivyo desturi. Malipo yakachelewa kwa miezi. Korosho zikakaa ghalani zikipoteza ubora, na wanunuzi waliokuwa wakizihitaji Desemba wakasubiri Februari wakanunua Afrika Magharibi. Tulifunga soko katika miezi ileile tuliyokuwa na nguvu.

Somo la mwaka ule linasemwa nusu tu. Wapenda soko huria hulitumia kuthibitisha kwamba Serikali ikae mbali. Lakini wakulima waligoma kwa sababu ya msingi: bei ya dunia ilikuwa imeshuka na wao hawakuwa na taarifa, hawakuwa na akiba, na makato ya msimu wa nyuma yalikuwa bado yanawauma. Mtu asiye na ghala lake, asiye na mkopo wa kumvusha hadi Januari, na asiyejua bei ya Ho Chi Minh kule Vietnam, ukimwambia yuko huru kwenye soko huria unamtania.

Mbaazi zinatufundisha jambo jingine, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko korosho ingawa halizungumzwi sana. Baada ya bei ya mbaazi kupanda kwa ajili ya ukame India, wakulima wa Lindi na Mtwara walipanua mashamba. Nachingwea, Masasi, Ruangwa, kila mtu alipanda. Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa tani 200,000 za mbaazi kuingia nchini mwake, kwa kuwa wakulima wake nao walikuwa wamevuna sana. Bei huku, iliyokuwa imezoeleka kupita shilingi elfu moja na zaidi, ikaanguka hadi shilingi mia kadhaa. Gunia la mbaazi halikutosha kulipa kibarua aliyelivuna. India haikufanya kosa lolote. Ililinda mkulima wake, na hivyo ndivyo serikali inavyopaswa kufanya.

Tazama sasa ng'ambo ya Ruvuma. Julai 2016, mwaka mmoja kabla, Waziri Mkuu wa India Narendra Modi alizuru Afrika. Maputo yakasainiwa makubaliano ya India kununua mbaazi za Msumbiji kwa mgawo unaoongezeka mwaka hadi mwaka. Siku chache baadaye, katika ziara hiyohiyo, alikuwa Dar es Salaam. Hapakutoka mgawo wa namna hiyo. Mlango ulipofungwa, Msumbiji walikuwa na karatasi ya kuonyesha. Sisi tulikuwa na mbaazi. Mkulima wa Nanyumbu na mkulima wa Cabo Delgado wanasemeshana Kimakua kuvuka mto, wanalima udongo mmoja, wanategemea mvua moja. Tofauti yao msimu ule ilikuwa mkataba. India ilipolegeza masharti mwaka 2021 watu walirudi kupanda, lakini kuna waliokuwa wameshauza mashamba.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema utandawazi ni mafuriko yasiyozuilika, kwamba kazi yetu ni kujifunza kuogelea. Ni mikataba, vipengele, ushuru na tarehe, na kila kipengele kimeandikwa na mtu aliyekaa mezani. Kwenye misitu ya Kilwa kuna mfano mzuri. Mpingo, mti ambao Wamakonde wamechonga vinyago kwa vizazi, ndio unaotengenezewa klarineti na oboe kwenye okestra za Ulaya. Kwa miaka mingi magogo yaliondoka na kijiji kilibaki na visiki. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachomthibitishia mnunuzi kwamba mti umevunwa kwa mpango. Msitu ukitambuliwa kisheria kuwa wa kijiji, kijiji ndicho kinachouza na fedha inaingia kwenye mfuko wa kijiji. Mpiga klarineti wa Ufaransa anayetaka dhamiri safi amekuwa, bila kujua, mchangiaji wa madawati Kilwa. Biashara ni ndogo na haijamtajirisha mtu. Lakini bidhaa ni ileile, mnunuzi ni yuleyule, na kijiji kimesogea hatua kadhaa mbele kwenye msururu.

Kuhusu maadili na utamaduni sitasema mengi. Unyago unachezwa, jando lipo, na sindimba haijafa. Imepata spika kubwa tu, na majirani wasiolala wanajua. Vijana wa Kusini waliokwenda kuuza bidhaa za Guangzhou pale Kariakoo wanarudi na simu ya skrini pana na kiduku, na bado bibi akisema kijana atapeleka barua kwa wazee, barua inapelekwa. Kinachomomonyoa desturi zetu zaidi ya runinga ni msimu mbaya: mwaka bei ikianguka, sherehe hazifanyiki.

Gesi ndiyo iliyofanya watu wa Mtwara wajulikane nchini kama wakorofi. Gesi ya Songo Songo, Lindi, iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Kuanzia 2010 kampuni za Uingereza, Norway na Marekani zikapata gesi nyingi zaidi baharini. Mji wa Mtwara ukafura. Kodi ya nyumba ikapanda, hoteli zikajengwa, shule za Kiingereza zikafunguliwa, na wenyeji kadhaa wakauza viwanja vya ufukweni kwa bei waliyoiona kubwa wakati huo. Ilipotangazwa kwamba bomba litapeleka gesi Dar es Salaam, watu waliandamana Januari 2013, na Mei mwaka huohuo, bajeti ya nishati iliposomwa, vurugu zikatokea na watu wakafa. Kauli yao ilikuwa “gesi haitoki”. Waliandikwa kuwa wabaguzi wasioelewa maana ya taifa.

Naamini walielewa kuliko waliowacheka, ingawa hakuna kinachohalalisha kuchoma nyumba za watu. Walikwishaona korosho. Walijua kitu kikiondoka ghafi, kazi inaondoka nacho. Bomba likajengwa kwa mkopo wa China, likaanza kazi mwaka 2015, na gesi ikaenda kuzalisha umeme Kinyerezi, Dar es Salaam. Huko inaendesha viwanda na kuwasha nyumba za Watanzania wenzetu, na mimi sioni aibu kusema hilo ni jambo jema. Aibu ni kwamba mji uliotoa gesi hiyo umeendelea kujua mgao wa umeme. Halafu bei ya mafuta duniani ikaanguka mwishoni mwa 2014, kampuni zikapunguza wafanyakazi, na vyumba vya hoteli vikakosa wageni. Kilichobaki kikiajiri watu wengi ni kiwanda cha saruji cha Dangote kilichofunguliwa mwaka 2015. Mwafrika mwenzetu kutoka Nigeria, akitumia malighafi ya Mtwara kutengeneza bidhaa Mtwara. Nao huo ni utandawazi, na watu hawauiti hivyo kwa kuwa mwekezaji hana ngozi nyeupe.

Mzigo nao una siasa zake. Kwa miaka mingi korosho nyingi zilipakiwa kwenye malori hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, huku bandari yenye kina kizuri ikiwa hapo hapo mjini. Sasa bandari ya Mtwara ina gati jipya la mita 300 na Serikali imesisitiza korosho zipitie hapo. Madereva na wenye maghala wa Dar walilalamika, na malalamiko yao yana mantiki: meli za makasha haziji mara kwa mara pasipo na mzigo wa kurudi. Lakini Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mvua zake zilipoikata barabara upande wa Somanga, Kusini ilikaa siku kadhaa bila njia ya kufika Dar. Bei ya nyanya na petroli sokoni ilitueleza gharama ya kutegemea njia moja kuliko ripoti yoyote ya wataalamu.

Serikali imetangaza kwamba kufikia mwaka 2030 korosho zote zibanguliwe nchini, na kongani ya viwanda imepangwa Maranje, Nanyamba. Naitakia heri, na nina wasiwasi nayo. Mwenye kiwanda anatakiwa kununua korosho za mwaka mzima ndani ya miezi mitatu, mnadani, akishindana na msafirishaji mwenye mkopo wa riba nafuu kutoka nje. Akikopa hapa nchini kwa riba yetu, korosho anayobangua Agosti imeshameza faida yake kabla ya kufungwa kwenye paketi. Majengo ya kongani hayatibu hilo. Ivory Coast imekuwa ikiongeza kiasi inachobangua nyumbani kwa kumpa mbanguaji wa ndani nafuu za kikodi na nafasi ya kununua mapema, mwaka hadi mwaka, bila kelele. Tukikopa jambo kwa wenzetu tukope hilo, na tuliache lidumu zaidi ya waziri mmoja.

Na kuna Likong'o, nje kidogo ya mji wa Lindi, ambako kiwanda cha kusindika gesi asilia kuwa kimiminika kimesubiriwa zaidi ya miaka kumi. Makadirio yanayotajwa ni dola bilioni 42 na washiriki ni majina makubwa, Equinor, Shell na ExxonMobil. Watu wamehamishwa, fidia zimelipwa, mazungumzo yakatangazwa mwaka 2023 kuwa yamefika ukingoni, na watu wa Lindi wameendelea kujenga nyumba za wageni kwa matumaini. Mazungumzo yale yamefanyika mbali na Lindi. Madiwani wa Lindi wangefaa kuomba nakala ya vipengele vitatu tu: ushuru wa huduma wa halmashauri utalipwa Lindi au mahali kampuni ilikosajili ofisi, vyeti vya mafundi wa kuchomelea wanaotoka vyuo vya ufundi vya VETA vya Lindi na Mtwara vitatambuliwa na mkandarasi au watafundishwa upya wakati kazi imeshaanza, na jiko la kambi, lenye maelfu ya watu wa kula mara tatu kwa siku, litanunua samaki, mayai na mchicha wa nani. Kipengele cha tatu ndicho kidogo kuliko vyote, na kwa uzoefu wa kambi za utafutaji gesi pale Mtwara, ambako wafugaji wa kuku waliambiwa mayai yao hayana viwango baada ya kuwa wameshakopa kununua vifaranga, ndicho ningeanza nacho.